Mkuu Asiyesikia la Mdogo

(Maneno haya niliyazungumza mbele ya wanachama wa jumuiya yetu hapa Uingereza, katika mkutano wa kujitayarisha na uchaguzi wa viongozi wapya. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza yale tuliyocheka wenyewe kwa wenyewe.)



Wazee wangu, kina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango (najua kwa nini mmekaa karibu na mlango), nakushukuruni nyote kwa kuja. Leo ni Jumapili, mvua inanyesha, na wengine mmetoka zamu ya usiku hata hamjalala. Mungu akulipeni kheri.

Kamati imenitaka nizungumze juu ya uongozi. Waliniambia, wewe umewahi kuwa mwenyekiti wetu, na kazini kwako unasimamia watu, basi waeleze wenzako wanaotaka kugombea namna ya kuongoza timu. Nilikubali haraka haraka, halafu nikajuta. Kwani nikisema kweli, jambo ninalolijua vizuri zaidi kuhusu uongozi ni namna nilivyoukosea. Nimeukosea mara mbili. Mara ya kwanza kazini, na nikajifunza. Mara ya pili hapa hapa kwenye jumuiya yetu, baada ya kuwa nimeshajifunza. Hiyo ya pili ndiyo iliyonileta mbele yenu leo, lakini hamtaifahamu mpaka nikuelezeni ya kwanza.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Nilikuja nchi hii mwaka 2001, nikaanza kama tulivyoanza wengi, kufagia na kuosha vyombo, kisha nikaingia kwenye nyumba za kulelea wazee, kea homu kama tunavyoziita. Mwaka 2007 nikapandishwa, nikawa msimamizi wa zamu ya usiku. Wafanyakazi 5 chini yangu, wazee 38 wamelala, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi.

Jamani, cheo ni kitamu, nisikudanganyeni. Mtu umezoea kuitwa "wewe njoo", siku moja unakabidhiwa funguo za kabati la dawa na jina lako linaandikwa ubaoni. Nilijiona nimefika! Na namna pekee ya kuongoza niliyokuwa naijua ni ile niliyoiona tangu udogo wangu: mwalimu mkuu wa skuli na bakora yake, sheha, na baadaye mabosi wa huku. Mkubwa anasema, mdogo anatenda. Mkubwa akiuliza "mmefahamu?" jibu ni "ndiyo", hata kama hakuna aliyefahamu.

Kwenye zamu yangu alikuwamo binti mmoja kutoka Poland, mgeni, ana miezi 3 tu kazini na Kiingereza chake cha kubabaisha. Usiku mmoja wa mwaka 2008 bibi mmoja alilalamika kifua kinambana, na yule binti akaita ambulensi bila kuniuliza. Wahudumu wakaja, wakampima, wakakuta ni kiungulia. Walipoondoka nilimsema yule binti jikoni, mbele ya wenzake wote, tena kwa sauti. Nikamwambia ambulensi haziitwi kama teksi, na kabla ya kufanya lolote aje kwangu mimi kwanza. Wenzake wakainamia vikombe vyao vya chai. Mimi nikarudi ofisini kifua mbele, nimesimamisha nidhamu.

Wiki 2 baadaye mzee mmoja, umri wake umepita miaka 80, aliteleza akienda chooni. Ilikuwa kiasi cha saa 6 usiku. Nilimtazama haraka haraka, sikuona damu wala jeraha. Akasema anaumwa kidogo. Tukamlaza, nikampa panadol 2, nikaandika kwenye kitabu: ameanguka, hana jeraha. Baada ya saa moja hivi yule binti akaja akasimama mlangoni kwangu. Akasema, "Mguu wake si sawa." Nikamuuliza si sawa vipi? Akasema, "Mmoja mfupi." Nilikuwa najaza karatasi. Bila ya kuinua kichwa nikamwambia amelala vibaya tu, kamnyooshee mto. Alisimama pale kidogo, kama mtu mwenye neno la pili mdomoni. Halafu akaondoka.

Walio kwenye kazi hii wameshafahamu. Mzee akianguka, kisha mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje, hiyo ni dalili ya nyonga kuvunjika. Mimi nilikuwa nimefundishwa hayo. Cheti ninacho nyumbani mpaka leo. Yule binti hakufundishwa, alitumia macho yake tu. Zamu ya asubuhi ilipoingia ndipo mzee akapelekwa hospitali. Alilala usiku kucha na nyonga iliyovunjika, kwa panadol 2.

Alipasuliwa, lakini hakutembea tena, na baada ya miezi 4 alifariki. Sisemi kuwa saa zile ndizo zilizomuua, kwani nyonga kuvunjika kwa mtu wa umri ule ni jambo zito hata akitibiwa papo hapo. Lakini maumivu ya usiku ule ni yangu mimi, nitaulizwa mimi.

Ulipofanywa uchunguzi, meneja alimuuliza yule binti, kwa nini hukushikilia neno lako? Kwa nini hukuita ambulensi mwenyewe? Alijibu kwa ufupi tu: "Niliambiwa nisiite."

Ndugu zangu, sote tumelelewa na methali ile, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usiku ule ni mkuu ambaye hakusikia la mdogo, na mwenye guu alikuwa mtu mwengine kabisa, amelala chumba cha pili hana habari.

Baada ya hapo nilianza kusoma, kwa hofu zaidi kuliko kwa hamu ya elimu. Nilitaka kujua kama ni mimi tu niliyelaaniwa. Nikakuta si mimi tu.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha ndege cha kisiwa cha Tenerife, ndege 2 kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye ukungu zikiwa ardhini. Watu 583 walikufa, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege kugongana na ndege iliyoua watu wengi zaidi ya hiyo. Rubani wa ndege ya KLM alikuwa miongoni mwa marubani wakubwa wa shirika lake, yeye ndiye aliyekuwa akifundisha wenzake. Alianza kuondoka kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Fundi wa ndege, aliyekaa nyuma yake, aliuliza kama ile ndege ya Pan Am ilikuwa bado haijatoka njiani. Akajibiwa kwa mkato kuwa imeshatoka. Hakuuliza tena. Baada ya sekunde chache wote wakawa wamekwisha. Nilipoyasoma hayo nilimuona yule binti wangu mlangoni, na neno lake la pili.

Mashirika ya ndege yalijifunza kwa damu hiyo na ya ajali nyengine. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1980 wakaanza kuwafundisha marubani mambo mawili kwa pamoja: mdogo afundishwe kusema, na mkubwa afundishwe kusikia. Yote mawili yanafundishwa, kwani hakuna anayezaliwa nayo.

Kisha nikasoma habari za mtafiti mmoja wa Harvard, Amy Edmondson. Katika miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi hospitalini. Alitegemea kukuta kuwa timu zilizo nzuri zina makosa machache ya dawa. Akakuta kinyume chake! Timu zilizoongozwa vizuri zilionekana kuwa na makosa MENGI zaidi. Alikaa akafikiri, mwisho akagundua kuwa timu zile hazikosei zaidi, bali zinasema makosa yao. Kwenye timu mbaya makosa yamo, lakini yamefichwa. Basi kiongozi anayejisifu kuwa kwake hakuna tatizo, huenda kwake hakuna anayethubutu kumwambia.

Na msifikiri wenzetu Waingereza wameshapona maradhi haya. Mwaka 2013 ilitoka ripoti ya Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliteseka kwa miaka. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni wafanyakazi waliokuwa wakiogopa kusema, na waliosema wasisikilizwe. Baada ya ripoti ile ndipo ikaja kanuni, mwisho wa 2014 kwa hospitali za serikali na Aprili 2015 kwa sisi wa kea homu, kuwa mgonjwa akidhurika kwa kosa letu ni lazima yeye au watu wake waambiwe ukweli na waombwe radhi. Yaani ilibidi itungwe sheria ili watu wazima waseme "tumekosea, tusameheni".

Sasa, nilifanya nini mimi? Mnataka kujua namna ya kuongoza, basi nitakupeni yangu, na kila mmoja ataikata kwa kipimo chake.

Kwanza, wakati wa kukabidhiana zamu nikaanza kumuuliza mdogo kuliko wote kabla ya kusema fikra yangu. Zamani nilikuwa naanza mimi, na wote wakafuata nyuma yangu kama mkia. Mkubwa akishasema, mdogo hana tena la kuongeza. Kwa hiyo mkubwa na aseme mwisho.

Pili, anayeniletea habari mbaya namshukuru kabla ya kumuuliza swali lolote, hata kama imekuwa si kweli. Khasa ikiwa si kweli! Kwani yule aliyekosea leo kwa kuhofia ndiye ninayemtaka kesho aje tena. Kiungulia kimoja cha bure ni bei rahisi sana ya nyonga moja.

Tatu, kosa nalitazama kwanza kwenye utaratibu, kisha kwa mtu. Watu 3 wakikosea dawa ile ile katika mwezi mmoja, pengine chupa mbili zinafanana na zimekaa kabati moja. Zitenganishe chupa kabla ya kumgombeza mtu. Na ikibidi kumsema mtu, nje ya masikio ya wenzake.

Nne, watu hawalingani, basi usiwaongoze sawasawa. Mgeni anataka kuonyeshwa hatua kwa hatua, ukimwachia unamtupa. Aliyebobea anataka aachiwe nafasi, ukimsimamia kila dakika unamtukana. Kuna mama mmoja wa Kighana amefanya kazi hii miaka 20. Kwake kazi yangu ni kumuuliza tu, "unahitaji nini?"

Tano, naingia vyumbani na kugeuza wazee pamoja nao, kubadilisha mashuka pamoja nao. Sifanyi hivyo ili nisifiwe unyenyekevu. Nafanya kwa sababu mtu akiwa ameshika shuka upande wa pili anasema mambo ambayo hatayasema akiwa amesimama mbele ya meza yako.

Hapa najua kuna mzee moyoni anasema, "Haya ya kizungu, mwanangu. Manahodha wengi chombo huenda mrama." Kweli mzee wangu, nahodha ni mmoja, wala sisemi kila jambo lipigiwe kura. Nyumba ikishika moto hatufanyi mkutano. Lakini nyinyi mliosafiri kwa jahazi mnajua kuwa nahodha hukaa tezi, nyuma kabisa, na mbele kule omo yuko baharia anayetazama miamba. Nahodha gani anayemwambia yule wa omo, "nyamaza, mimi ndiye mwenye usukani"?

Wala kusikiliza si ulegevu. Nilikuwa na kijana mmoja aliyefahamu upole wangu vibaya, akawa analala zamu nzima. Nilimsikiliza mara ya kwanza, ya pili nikamwandikia barua, ya tatu akaondoka. Nilichelewa hata hivyo, wenzake walibeba mzigo wake miezi 2, nao walikuwa na haki yao kwangu. Kwa hiyo sikuja kukuuzieni dawa isiyo na madhara.

Haya. Mpaka hapa mnanipigia vichwa, mnaona mwenzetu amejifunza. Sasa nakuja kwenye ile ya pili.

Mwaka 2011 mlinichagua kuwa mwenyekiti. Mnaukumbuka mfuko wetu wa maziko, kila nyumba pauni 5 kwa mwezi, ili Mungu akimchukua mmoja wetu asiadhirike ugenini. Kwenye daftari mfuko ulikuwa na pauni 6,400. Benki zilikuwamo hazifiki 1,000. Zilizobaki nilikuwa nimeruhusu, kwa mdomo tu, wakopeshwe wenzetu 3 waliokuwa na shida za kweli: kodi ya nyumba, mwanasheria wa makaratasi, nauli ya mgonjwa. Hakuna aliyeiba. Lakini hakuna aliyejua pia, isipokuwa mimi na mshika fedha wetu.

Mshika fedha alikuwa kijana wa miaka 26. Alinitumia ujumbe mara mbili: "Mwenyekiti, tukae tuangalie mahesabu, sina raha." Nikamjibu asiwe na haraka, dhamana ni yangu. Mara ya tatu alijaribu kuligusa kwenye kikao, nami nikamkata mbele ya watu, nikamwambia, "Kijana, wewe umeingia juzi, mambo haya yana wakubwa wake." Akanyamaza. Kama mnakumbuka kikao kile, wengine mlicheka.

Mwaka 2014 akafariki ndugu yetu. Mama yake alikuwa hai, kule Pemba, na akataka mwanawe azikwe nyumbani. Makaratasi yote yalikuwa tayari siku ya 3. Pesa hazikuwapo. Maiti ililala chumba cha baridi siku 9, huku mama anakaa kwenye mkeka akiuliza "anafika lini?" na mimi ninapita kwa marafiki zangu usiku, mlango kwa mlango, naomba mkopo wa siri.

Nikakuambieni kuwa kuchelewa kulitokana na makaratasi ya hospitali. Haikuwa kweli. Yakazagaa maneno kuwa kijana wa hazina amekula pesa. Hiyo pia haikuwa kweli, na mimi nilijua si kweli, na SIKUYAKANUSHA. Kijana akajitoa kwenye jumuiya. Wengi wenu mpaka leo mkikutana naye dukani mnampa salamu ya nusu mdomo.

Mjane wa marehemu yumo humu ukumbini. Nilikwenda kwake wiki 2 zilizopita nikamweleza yote kabla ya kuyasema hapa, na ameniruhusu niyaseme. Nilimpigia simu pia yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Alinisikiliza, akanyamaza muda mrefu, akasema, "Waambie wao." Basi nakuambieni. Hakula hata senti moja. Alinionya mara tatu. Pesa zilirudi zote mwaka 2015, nyengine kwa waliokopa, nyengine kutoka mfukoni kwangu, lakini jina lake halikurudi, na nyinyi ndio mnaoweza kulirudisha. Namuomba radhi yeye, na mjane, na nyinyi nyote.

Sasa jiulizeni kama nilivyojiuliza mimi. Mwaka ule ule wa 2014, kazini, nilikuwa namshukuru mfanyakazi aliyeniamsha kwa habari ya uongo. Mtu ni yule yule! Wiki ile ile! Kwa nini nilikuwa na masikio usiku na nikawa kiziwi Jumapili?

Jibu nililolipata halinifurahishi. Kazini kuna wakaguzi wanaoweza kuingia siku yoyote, kuna sheria, kuna meneja. Na kule hakuna anayemjua baba yangu. Nikikosea kule napoteza kazi, na kazi nyengine ipo. Hapa kwenu nina jina. Nikiingia hapa na kanzu yangu naitwa Mwenyekiti, naamkiwa, nakalishwa mbele. Kazini nilikuwa nalinda wazee, hapa nikawa nalinda jina langu. Ndipo nikafahamu kuwa mwendo wako wa kuongoza haujawa wako mpaka uufuate pale ulipo na heshima ya kupoteza. Kabla ya hapo umeazima tu, kama sare ya kazi, unaivua mlangoni.

Na hapa ndipo siasa inapoingia, maana najua hamuwezi kutoka humu bila siasa.

Kila Ijumaa usiku tunakaa kwenye kahawa yetu tunawasema wakubwa wa nyumbani. Hawaambiliki! Wamezungukwa na wapambe! Hawakubali kosa! Mimi mwenyewe ni bingwa wa maneno hayo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Wengine humu walipoteza jamaa. Kabla ya mwaka kutimia tukalia tena, MV Skagit, 18 Julai 2012. Tulisema mengi, na tulikuwa na haki. Meli haijazwi kwa siri. Baharia anaona, karani anaona, abiria anaona. Wanaoona ni wengi, asiyekuwapo ni mdogo anayeweza kusema "chombo hiki hakitoki" na mkubwa akamsikia. Lakini waungwana, mwenyekiti aliyemkata mshika fedha wake kikaoni alikuwa na tofauti gani na hao? Ukubwa wa chombo tu.

Mwaka 1962 Nyerere, mnamkubali au hamumkubali, aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, kuhusu makosa ya watu wa chama chake mwenyewe na haja ya kuyasema wazi. Kijitabu kizuri. Miaka 2 tu baadaye, 1964, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi likavunjwa na kikawekwa chama kimoja chini ya serikali, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Simtuhumu nia yake. Nasema nia njema na kitabu kizuri havitoshi ikiwa milango ya kusemea inafungwa mmoja mmoja. Mimi pia nilikuwa na nia njema na wale wakopaji 3.

Kwa hiyo sitaki mchague mtu mwenye nia njema. Nia hatuioni. Nataka tuweke milango, na nina mapendekezo matatu kwa kamati ijayo.

Moja, kila miezi 3 karatasi ya benki isomwe mbele ya wanachama, na asiyesoma awe mjumbe wa kamati. Isomwe na mwanachama wa kawaida, tena ikiwezekana mmoja wa wale vijana wa mlangoni.

Mbili, katika viwanda vya Toyota kulikuwa na kamba juu ya mstari wa kazi, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliivuta, msimamizi alikuja, na ikibidi mstari ulisimama. Natusimamishe kamba yetu. Mjumbe yeyote wa kamati, hata awe ameingia jana, akisema "sina raha na pesa hizi", basi pesa hazitoki mpaka mkutano ukae.

Tatu, kila kikao kianze na habari mbaya. Kabla ya pilau, kabla ya shukurani, mwenyekiti aulize, "nini kimeharibika?" na asiseme neno mpaka watu 3 wameshajibu.

Mimi sigombei, msinitie. Lakini watakaogombea watakuja kwenu na ahadi za ukumbi mpya na madrasa mpya. Wasikilizeni kwa adabu. Halafu muulizeni kila mmoja swali hili moja: "Tutajie mtu mdogo kwako aliyewahi kukwambia umekosea, na utueleze ulimfanya nini." Asiye na jina la kutaja, basi ama hajawahi kukosea, na huyo si binadamu, ama hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mimi ninayo majina mawili. Nimekuelezeni niliwafanya nini.

Sasa nanyamaza, na ningependa wa kwanza kusema awe mdogo kuliko sote humu ukumbini.